Chaja ya Gari la Marehemu

Gari la baba mkwe wangu lilikuwa jeupe mpaka kunguru akitua juu yake anajiona mchafu, anarudi ziwani kuoga. Mlango wake mzito, ukiufunga kule Kiseke, Ukerewe wanageuka kuuliza nani amegonga. Kama hukuliona huna haki ya kubisha. Mzee alilinunua kwa Mzungu mmoja wa pamba aliyekuwa anarudi kwao, zamani, kabla mimi sijajua kufunga kamba za viatu. Na viatu vyenyewe nilikuja kuvipata baadaye sana.

Gari lile lilikuwa halitembei ovyo. Jumapili kanisani, harusi ya mtu wa karibu, basi. Siku zilizobaki linakaa bandani limefunikwa shuka. Shuka, siyo turubai! Watoto wake walikua wakijifunika magunia, gari linajifunika shuka la maua. Mke wangu anasema alipokuwa mdogo alitamani azaliwe upya awe gari.

Mzee alifariki wakati ule maduka ya mjini yameanza kujaa vitu mpaka vinamwagikia barabarani. Nyie wa sasa hamjui. Zamani kipande cha sabuni ulikuwa unakipangia foleni mpaka unasahau ulikuja kununua nini. Halafu ghafla, ruksa! Redio, televisheni, saa zinazoongea, viatu vinavyowaka taa. Mzee alikuwa kitandani, ananisikia namhadithia mambo ya mjini, anacheka kidogo kidogo. Siku moja akanishika mkono akasema, "Mkwe, mimi naondoka. Gari lisilale njaa."

Aliniambia mimi kwa sababu watoto wake wa kiume walikuwa mbali, na mimi ndiye niliyewahi kushika usukani. Nilikuwa utingo wa lori la pamba, kisha nikawa dereva wa lori hilo hilo baada ya dereva kuoa Geita akakataa kurudi. Lori lilipokufa nikawa nauza mitumba. Lakini dereva ni dereva, hata akiuza suruali.

Sasa tatizo likaanza. Gari likawa haliwaki. Betri imekufa. Naifungua, naifunga kwenye baiskeli, naendesha mpaka kwa fundi wa kuchaji, nairudisha ikiwa na afya njema, gari linawaka, tunapiga makofi. Wiki ijayo, kimya. Gari limesimama tu bandani, halijaenda hata chooni, lakini betri imekwisha kama imetoka Tabora kwa miguu. Baiskeli yangu ikapinda mgongo. Mimi mwenyewe nikaanza kutembea nimeinamia upande mmoja, watu wakanipa pole wakidhani nimepooza.

Basi akaja shemeji mkubwa, kaka yake mke wangu, mtu wa biashara ya samaki, amekuja na saa kubwa mkononi na haraka nyingi. Akazunguka gari, akaingiza ufunguo, hakuna kitu.

"Shemeji," akaniambia, "hili ni gari au ni kaburi la pili?"

"Ni gari, shemeji."

"Gari huwa linawaka."

"Litawaka."

"Haya. Siku tukikutana kumkumbuka mzee, ufunguo naingiza mwenyewe. Likiwaka, libaki hapa kwa mama. Lisipowaka, nina jamaa yangu wa sangara anataka kulinunua. Ameshapima buti."

"Sangara! Ndani ya gari alilopanda mzee kwenda kanisani?"

"Mara ya mwisho mzee kwenda kanisani alibebwa na pikapu, shemeji, maana hili lilikataa. Umesahau?"

Sikusahau. Mke wangu aliyekuwa amesimama pale akaingia ndani, na nikasikia sufuria zinagongana kuliko kawaida.

Sasa utaniuliza, kwa nini usimuulize mama mkwe? Si yeye ndiye anayeishi hapo? Si angejua nani anachezea gari? Ndugu yangu, wewe siyo wa kwetu. Kwetu Usukumani mkwe na mama mkwe wanaheshimiana mpaka inachosha. Sili mbele yake, hali mbele yangu. Tukikutana njiani mmoja anaingia porini, na kwa kuwa mkwe ni mimi, wa kuingia porini ni mimi. Nimeshaingia kwenye mihogo, nimeshaingia kwenye miba, siku moja nimeingia kwenye zizi la watu nikatoka na kesi. Kumtazama usoni, thubutu! Ukiniuliza mama mkwe wangu ana sura gani nitakuelezea kanga zake.

Na kuongea ni lazima kupitie mtu wa tatu. Mara nyingi ni mke wangu. Akiwa hayupo, ni kuku. Nasimama nje ya uzio nasema, "Kuku, waambie wenyewe kwamba chumvi nimeileta." Na kutoka jikoni sauti inajibu, "Kuku, mwambie asante, aiweke kwenye jiwe." Yule kuku wa kahawia alibeba habari za ukoo kuliko posta. Lakini kuna maswali hata kuku huwezi kumpa. Utasemaje? "Kuku, waulize wenyewe nani anamaliza betri ya marehemu"? Hiyo ni kumwita mama mkwe mwizi.

Jioni moja nikaenda Kiseke kutoka mjini. Mke wangu yuko kwaya, nyumba imetulia. Nikasema leo naitafuta hiyo waya inayovujisha umeme. Nikavua shati, nikajisukuma chini ya gari, nikalala chali na tochi mdomoni.

Nikasikia ndala. Pwaa, pwaa, pwaa. Nikageuza shingo, nikaona upindo wa kanga.

Mama mkwe!

Kutoka siwezi. Nimevua shati, nimepakwa grisi kama samaki wa kukaanga, halafu nitoke chini ya gari miguuni mwa mama mkwe? Ningehama mkoa. Nikazima tochi, nikawa maiti. Mlango wa upande wa abiria ukafunguliwa, mama akaingia, akakaa. Gari likashuka mpaka nikabusiana na giaboksi. Sisimizi wa Kiseke, ambao kila mmoja ni mkubwa kama punje ya harage, wakaanza kunipanda, wengine wakiita ndugu zao.

Halafu nikasikia ufunguo, ka! Redio ikawaka.

Matangazo ya vifo. Nikasema moyoni, Mungu wangu, mwizi wa betri ni redio. Mama akasikiliza, kisha akaanza kuongea. Siyo na redio. Siyo na kuku.

"Umesikia?" akasema. "Yule wa Misungwi naye ametangulia. Yule aliyekuwa anakufunga kwenye bao halafu unasusa kula. Sasa mtacheza mpaka mchoke."

Akanyamaza kidogo, kama anayesubiri kujibiwa.

"Mahindi yametoka vizuri. Upande wa mwamba yamechelewa, lakini si unajua upande ule. Kijana wako mkubwa alikuja. Amenenepa, ana saa. Anataka kuliuza gari lako. Sikumjibu. Ningemjibu nini? Niseme jioni nakaa humu na baba yake?"

Zikaingia salamu. Fulani wa Sengerema anamsalimia fulani wa Magu, ujumbe, tuko pamoja. Mama akacheka kidogo. "Wanasalimiana hao. Sisi hatuna wa kutusalimia redioni, tunajisalimia wenyewe." Halafu akasema, "Mkweo anahangaika. Kila wiki anabeba betri kwa baiskeli, amekonda. Hili gari lako limezeeka, linakula bila kutembea. Kama wewe mwishoni."

Ndugu yangu, mimi ni mtu wa kucheka. Nimecheka msibani, nimecheka kituo cha polisi. Lakini pale chini machozi yalinitoka, yakaingia masikioni, maana mtu aliyelala chali machozi hayana pengine pa kwenda. Sisimizi wakayaona mafuriko, wakahama.

Salamu zilipokwisha akazima, akafunga mlango taratibu sana, akaenda jikoni. Nikatoka upande wa pili nikakimbia kwa magoti mpaka kwenye mihogo.

Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Ningesemaje? Mama, zima redio, betri inakwisha? Angeizima. Angeizima siku hiyo hiyo kwa aibu, na asingekaa tena na mumewe jioni. Gari lingewaka, lakini lingekuwa limewaka bure. Na nisiposema, gari haliwaki, linaenda kunuka sangara. Nikatembea nalo hilo siku nyingi, nauza suruali nawarudishia wateja chenji isiyo yao.

Mwisho nikaenda kwenye duka moja mjini la vifaa vya umeme. Mwenye duka alikuwa mama wa Kizaramo aliyekuja Mwanza na treni zamani akakataa kurudi. Na Mzaramo kwetu ni mtani, ana ruhusa ya kukutukana asubuhi mpaka jioni na wewe unashukuru.

"Karibu Msukuma," akasema kabla sijavuka kizingiti. "Umefuata kengele ya baiskeli au kioo cha kujitazama?"

"Nimefuata chaja ya betri ya gari, Mzaramo. Na usianze kunipigia ngoma, nina haraka."

"Msukuma ana gari! Linavutwa na ng'ombe wangapi?"

Akanionyesha rafu. Juu kabisa kulikuwa na moja nyekundu, kubwa, ina magurudumu, ina mshikio, ina kioo chenye mshale kama mizani ya pamba. Nilipoiona moyo ulinidunda kama nimeona fahali wa mahari.

"Hiyo," nikasema.

"Gari lako ni basi?"

"Ni gari dogo."

"Linatembea lini?"

"Jumapili. Tena zamani, siku hizi linalala tu."

"Basi hiyo italiua. Hiyo ni ya kumwamsha aliyezimia. Unammwagia maji usoni, akiamka unaacha. Wewe unataka kummwagia maji wiki nzima? Ukiisahau, maji ya betri yatachemka, songa ugali."

Nikasikitika. Akanishushia nyingine ya kijivu, ya wastani. "Hii ni nafuu, lakini haina akili. Inatia tu umeme, wewe ndiye wa kukumbuka kuichomoa. Na umeme ukikatika ukaiacha humo, inaanza kunyonya betri yenyewe, kama mgeni aliyekuja kusaidia kulima akamaliza chakula. Wewe unakumbuka mambo?"

"Nakumbuka kila kitu."

"Baiskeli yako umeiacha nje bila kufuli."

Nikakimbia nje. Kweli. Niliporudi ameshaweka juu ya meza kitu kidogo cheusi, ukubwa wa mche wa sabuni uliokwisha nusu, kina kitaa kimoja na waya mbili zenye vibanio, chekundu na cheusi.

"Hii ndiyo ya gari linalolala," akasema. "Betri ikijaa, inaacha. Ikipungua, inaanza tena polepole. Umeme ukikatika, inatulia, hainyonyi. Unaiacha hata mwezi, haina ugomvi na mtu."

"Mzaramo, hii ni chaja au mtoto wa chaja?"

"Wewe Msukuma hata jeneza utachagua lenye ukubwa wa lori!"

Nikaigeuza geuza. Nyepesi, haina mshale, haina makuu. Kweli nilikuwa naitazama ile nyekundu kwa jicho la pembeni, kama mtu anayeaga mchumba. Nikauliza, "Na kama gari limesimama, na kuna mtu anakaa ndani anasikiliza redio kila jioni?"

"Nani anasikiliza?"

"Mtu tu. Mtu mzima."

"Peke yake?"

Nikasema, "Hapana. Wako wawili. Mmoja ni marehemu."

Mama wa Kizaramo akanyamaza. Na mtani akinyamaza ni kama ziwa limekauka, unatazama huku na huku kuna nini. Akachukua kitambaa, akaifuta ile chaja ndogo ingawa haikuwa na vumbi. "Chukua hii," akasema kwa sauti nyingine. "Waache wasikilize. Asubuhi betri itakuwa imeshiba." Bei siitaji, maana mke wangu naye atakisikia hiki kisa.

Kesho yake nikavuta waya kutoka dirisha la jikoni mpaka bandani, nikabana chekundu penye alama ya kujumlisha na cheusi penye kutoa. Kitaa kikawaka. Nikatega sikio, nikasikia kasauti kembamba, mmmm, kama mtoto ananyonya. Nikasimama nje ya uzio nikasema, "Kuku, waambie wenyewe hii waya isichomolewe. Ni chakula cha gari."

"Kuku, mwambie tumesikia."

Wiki ikapita, betri nzima. Wiki nyingine, nzima. Jioni redio inaimba, usiku kale kadude kananong'ona, asubuhi ukigusa ufunguo gari linaruka kama limechomwa mwiba. Nikaanza kutembea wima, watu wakasema nimepona kwa maombi.

Jumapili moja mke wangu akaniletea sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na karanga juu. "Mama amekupa," akasema, uso umejaa maswali. "Amesema, mpe yule aliyelala chini ya gari. Mwambie siku nyingine asilale chini, ardhi ina baridi. Ulilala chini ya gari gani wewe?"

Kumbe aliniona! Miguu yangu ilikuwa nje muda wote, nayo ni mirefu, nikilala Kiseke vidole vinafika Pasiansi. Aliniona, akaingia hivyo hivyo, akaongea hivyo hivyo. Nilikula yale matobolwa nimegeukia ukuta.

Sasa sikiliza shetani alivyo na kazi. Kumbukumbu ya mzee ni Jumamosi. Katikati ya wiki umeme ukakatika. Ule mgao wa miaka ile, ukikatika unakatika kama umehama nchi. Kitaa kimezimika. Na mama atasikiliza redio leo, kesho, keshokutwa, na Jumamosi shemeji anaingiza ufunguo. Sasa hapakuwa na ujanja, nikasimama nje ya uzio.

"Kuku," nikasema. Kuku akanitazama. "Kuku, waambie wenyewe, redio ya gari inakula betri ile ile inayowasha gari. Umeme ukiwepo chaja inarudisha. Sasa umeme haupo."

Mtu jikoni akaacha kutwanga.

"Kuku," sauti ikasema, "mwambie angesema tangu mwanzo."

"Kuku, wajibu kwamba mkwe hakutaka redio izimwe."

Halafu, polepole, "Kuku, mwambie tumesikia."

Jioni ile nilipita kwa mbali, upande wa mwamba. Nikaliona gari, na kanga ndani yake, kiti cha abiria. Redio imezimwa. Amekaa tu, mikono mapajani, kiti cha dereva kitupu pembeni yake, kama mtu aliyemsindikiza mwenzake dukani anamsubiri. Kesho yake hivyo hivyo. Alikaa na mumewe kimya ili gari libaki.

Jumamosi watu wakajaa. Tukasali, tukala, na shemeji mkubwa akasimama na ufunguo. Yule jamaa wa sangara naye amekuja, na futi kabisa, kaikunja mfukoni. Mimi nimesimama nyuma ya mke wangu, na nilikuwa nimemshika kanga kama mtoto sokoni. Shemeji akaingia, akazungusha.

Kwi.

Watu wakanyoosha shingo. Hata kuku wa kahawia alisimama na mguu mmoja juu.

Kwi. Kwi. Kwi-kwi-kwi-VRUUUM!

Kunguru wote wa Ilemela waliruka. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka nikasikia wa Bwiru wanaitikia bila kujua sababu. Shemeji akatoka, ametabasamu kidogo bila kupenda.

"Limewaka," akasema. "Sawa, linabaki. Lakini la nini, shemeji? La kuwasha na kuzima?"

Hapo mama mkwe akatoka ndani. Nikajua kwa kanga, nikageukia ukuta. Nikasikia mlango wa gari unafunguliwa, na siyo wa mbele. Wa nyuma.

"Baba," akamwambia mwanawe, "mwambie mkwe aingie, anipeleke Kigongo. Baba yako alipenda kutazama pantoni."

Watu wakaguna. Shangazi mmoja akasema, "Lakini wifi, mkwe na wewe gari moja?"

"Dereva anatazama barabara," mama akajibu. "Mimi natazama kisogo. Kisogo hakina sura."

Basi nikaingia, nimeinamisha kichwa. Nikakaa kwenye kile kiti. Sikuwahi kukikalia tangu mzee aondoke, gari nilikuwa naliwasha nimesimama nje, mguu mmoja tu ndani. Kilikuwa na shimo la umbo lake, mimi nimepotea humo kama njugu kwenye gunia. Mke wangu kiti cha mbele, nyuma mama na shemeji na saa yake. Nikainua mkono kwenye kile kioo cha kutazamia nyuma, nikakigeuza kikatazama dari.

Hivyo ndivyo nilivyoendesha mpaka Kigongo, sioni nyuma hata kidogo. Malori yalinipigia honi mpaka yakapata mafua. Tulifika, tukatazama pantoni ikienda Busisi na ng'ombe na baiskeli na watu, tukala sato wa kukaanga, mimi nimegeukia upande wangu, mama upande wake. Wakati wa kurudi sauti ikatoka nyuma, "Binti yangu, mwambie dereva afungue redio. Gari likitembea betri haiumii, si ndiyo?"

"Ndiyo, inashiba," nikamwambia mke wangu.

Zikaja salamu. Fulani anamsalimia fulani. Na nyuma nikasikia mama anasema kwa sauti ndogo, "Umesikia?"

Shemeji akauliza, "Unaongea na mimi, mama?"

"Hapana, baba. Tazama barabara na wewe."

Tulifika Kiseke umeme umerudi. Nikaliingiza gari bandani, mke wangu akalifunika shuka, mimi nikabana chekundu na cheusi. Kitaa kikawaka, mmmm. Kisha nikasikia ndala za mama zinakuja kwa njia ile ile, nami nikachepuka kama kawaida, nikaingia kwenye mihogo, mama apite.